Roshani ya Macho Arobaini

Alikuwapo mwanamke mmoja, na ikiwa hakuwapo basi yuko mwingine kama yeye nyumba ya tatu kutoka kwako, jina lake Bi Mashavu. Alikuwa mke mkubwa wa marehemu Mzee Mbaruku. Mke mdogo alikuwa Siwatu. Mzee alipofariki, wajane hao wawili waligawana mali kwa utulivu uliowashangaza majirani: Mashavu akabaki na nyumba, Siwatu akachukua shamba na vyombo, na kila mmoja akaondoka akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyepata. Siwatu akaliuza shamba, akahamia nchi ya Ngoani kwa kaka yake. Miaka tisa ikapita, hakuna salamu. Kisha ikaja barua.

"Dada yangu, njoo unione kabla sijafa. Nyumba nimeikarabati kidogo."

Bi Mashavu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama ndani ya bafu lake lisilo na paa, akigombana na fundi. Fundi alisema siku saba, na huu ulikuwa mwezi wa saba. Habari ya kufa haikumshtua, kwa kuwa Siwatu alikuwa anakufa tangu siku ya harusi yake. Kilichomchoma ni lile neno "kidogo".

"Kidogo!" alimwambia fundi wake. "Wewe umeshaona mtu akaandika kidogo, ikawa kidogo kweli?"

"Sasa mama, hili paa tunafanyaje? Maana bati limepanda bei tena."

"Wewe na bati lako nisubirini hapo hapo."

Akaving'arisha mkononi vikuku vyake viwili vya fedha, alivyopewa na Mzee Mbaruku mwaka wa kwanza wa ndoa. Siwatu hakupewa vya kwake mpaka mzee anaingia kaburini, na Bi Mashavu hakuwahi kumtembelea Siwatu bila kuving'arisha, hata siku za msiba. Jinsi alivyosafiri hakuna haja ya kueleza. Alikwenda, akafika.

Ngoani ni nchi ya watu wapole wanaotembea wameinamisha vichwa. Mgeni hudhani wamepoteza kitu njiani. Nyumba zao kwa mbele ni za kupendeza mno: nguzo za duara, madirisha ya vioo vya rangi, ngazi za marumaru zinazopanda hadi ukutani na kuishia hapo, kwa kuwa nyuma ya ukuta hakuna chumba. Ukizunguka uani unakuta jiko limeezekwa kwa gunia, na mvua ikinyesha watu husogeza vitanda huku na huku. Bi Mashavu alimuuliza mchukuzi wake sababu, naye akamjibu bila kuinua uso kwamba jiko halionekani kutoka barabarani, kwa hiyo hakuna fundi atakayelitengeneza.

Sababu yenyewe ni sheria yao, nayo ni hii. Ngoani fundi halipwi kwa siku alizofanya kazi wala kwa saruji aliyotumia. Wanasema siku zinapotezwa na saruji inaibwa, na walichoka kugombana. Fundi hulipwa kwa wivu. Kazi ikimalizika, Serikali humpeleka mtu aitwaye Mpima Jicho, naye huweka kigoda chake mbele ya nyumba na kuandika. Mpita njia akitupa macho akaendelea, hilo ni jicho jepesi, na mwenye nyumba humlipa fundi kibaba kimoja cha mchele. Akisimama na kuuliza vigae vimenunuliwa wapi, ni jicho la kati, nalo ni pishi. Jicho zito ni la mtu anayesifu kisha akatia kasoro, na malipo yake ni gunia zima. Mwenye nyumba asipoweza kulipa, fundi huibomoa kazi yake na kuondoka nayo.

Sheria hiyo ilitungwa ili ugomvi uishe. Tangu itungwe, mahakama zimeongezwa kutoka moja hadi kumi na nne.

Siwatu alimpokea mgeni wake mlangoni kwa machozi na udi. Alikuwa amenenepa, jambo ambalo Bi Mashavu aliliona kabla ya yote.

"Dada! Umekonda, dada! Huli?"

"Nakula, mwenzangu. Naona wewe ndiye unayenilia na langu."

Wakacheka, wakakumbatiana, na Siwatu akavitazama vikuku kwa pembe ya jicho kama alivyokuwa akivitazama miaka ile yote. Kisha akamshika mgeni bega na kumgeuza taratibu, kama mtu anayegeuza kiti kielekee upepo.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Kidogo tu."

Ilikuwa roshani. Ilitoka ghorofani kama ulimi wa mtu anayekuzomea, ya mbao nyekundu iliyochongwa mikorosho na nyota, na nguzo zake kila moja ilikuwa na msokoto wake. Chini yake kulining'inia vitone vya mbao kama hereni. Bi Mashavu alikumbuka kwamba Mzee Mbaruku aliwahi kumwahidi roshani, yeye, si mwingine, jioni moja akiwa anakula embe. Mzee alisahau alipomaliza embe.

"Mashallah," akasema Bi Mashavu. Akameza mate. "Ila hiyo mbao, haitaliwa na mchwa?"

Nyuma yake ikasikika kalamu. Akageuka, akamwona mzee mwembamba kwenye kigoda, amevaa kanzu yenye vifungo vya Serikali, akiandika kwa utulivu wa mtu anayehesabu mbuzi wa wengine.

"Huyo nani?"

"Huyo? Bwana Shekue. Mpima Jicho," alisema Siwatu, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza rangi kidogo. "Mpuuze. Twende ukale."

Siku tatu Bi Mashavu alikaa pale, na siku tatu alijitahidi kutoitazama roshani. Kujitahidi kwenyewe ndiko kulikomponza. Siku ya pili alisema ni nzuri, ila imekaa upande upande. Siku ya tatu, akidhani mtaa hauna mtu, alisimama chini yake akapima upana wake kwa khanga, kutoka pindo hadi pindo, huku akisema peke yake, "Ingekuwa yangu ningeiweka mbele kabisa, lakini basi." Kila mara kalamu ililia.

Asubuhi ya nne alikuja Fundi Ngwali, aliyeijenga. Alikuwa mtu wa makamo mwenye vumbi la mbao ndani ya nyusi, na alizungumza kwa adabu.

"Bi Siwatu, tulipatana macho arobaini mepesi. Majirani wamekupa arobaini kamili, hilo sina neno. Lakini kitabu cha Bwana Shekue kina macho mazito matatu ya huyu mgeni wako. Na jicho la mgeni ni mara tatu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu, mama. Kwa kuwa limetoka mbali. Hayo ni magunia tisa."

Lazima isemwe kwamba suala la jicho la mgeni lilijadiliwa na Baraza Kuu la Ngoani kwa miaka kumi na mmoja. Kundi moja lilisema mgeni hana wivu, ana mshangao. Kundi la pili likasema mshangao ni wivu uliovaa nguo za safari. Mwisho walipiga kura, na kila mjumbe akaipigia hoja ya jirani yake kura ya hapana. Hoja zote zikaanguka, ikabaki ile ya mara tatu, ya bawabu wa Baraza, ambaye hakuwa na jirani.

Siwatu sheria hiyo aliijua. Aliisahau siku aliyoandika barua, kwa raha ya kuandika lile neno "kidogo". Ghalani kwake kulikuwa na magunia mawili.

"Sitalipa," akasema. "Huyu ni dada yangu. Hana wivu na mimi."

"Basi tutakutana mahakamani kesho," alisema Fundi Ngwali. "Samahani, mama. Nami nina watoto sita, na mbao ile niliinunua kwa mkopo. Usiku na mchana nimeichonga. Usione nakuonea."

Alipotoka, Bi Mashavu alimfuata kwa macho. Hakumpenda, lakini alijua kazi nzuri akiiona. Fundi wa nyumbani kwake asingeweza kuchonga hata mwiko.

Mchana ule wageni walikuja mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Bi Kidawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeingia kwa mlango wa uani akiangalia miguu yake.

"Shoga," akamnong'oneza Bi Mashavu, "kesho ukiulizwa, kiri."

"Nikiri nini?"

"Kwamba umeona wivu. Kwa jicho zito sheria inataka ukiri wa mdomo, kitabu peke yake hakitoshi. Wanasema jicho laweza kuwa na vumbi."

"Na wewe je, mbona hukukiri? Huna wivu?"

Bi Kidawa akaangalia mlango. "Mimi? Tangu ile roshani ipande sijala nikashiba. Mume wangu namgombeza mpaka anavyopumua. Lakini ukikiri hapa, mpiga mbiu anakutangaza mtaa kwa mtaa: fulani binti fulani amemwonea wivu fulani. Mimi nitaishi wapi? Wewe unaondoka."

"Kwa hiyo unataka Siwatu abomolewe kwa mdomo wangu."

"Sisi sote tunataka, shoga. Mtaa mzima. Ila hatuna mdomo."

Bi Kidawa alipokwisha kutoka, Siwatu mwenyewe akaja na sahani ya visheti. Akakaa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwenzake.

"Dada, nakuomba. Kesho sema hukuona kitu. Roshani ile ndiyo kitu changu cha kwanza. Ujue nimeishi miaka yote katika vitu vya Mzee, na vitu vya Mzee vilikuwa vyako kwanza. Wakiing'oa nitabaki na tundu."

Bi Mashavu alikitafuna kisheti polepole. Anaombwa kukana kitu ambacho angekikana hata kwa kisu shingoni. Hakuwahi kupewa kazi rahisi na tamu kiasi hicho, tena kwa visheti.

"Usijali, mdogo wangu," akasema. "Kukana ni kwangu."

Mahakama ya Ngoani ni ukumbi usio na madirisha. Hakimu hukaa amefungwa kitambaa machoni, asije akashtakiwa kwa kuitazama kofia ya karani. Siku hiyo ukumbi ulijaa pomoni. Majirani wote walikuwepo, vichwa chini, masikio juu.

Bwana Shekue akasoma kitabu chake kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Siku ya kwanza, mgeni alisema Mashallah, kisha akauliza habari za mchwa. Siku ya pili alisema ni nzuri, ila imekaa upande upande. Siku ya tatu alipima kwa khanga."

"Bi Mashavu," alisema Hakimu kupitia kitambaa chake, "uliionea wivu roshani ya Bi Siwatu?"

"Roshani ipi, mheshimiwa?"

"Roshani ya nyumba uliyofikia."

"Aa, kile! Nisamehe, baba. Mimi nilidhani ni banda la njiwa." Ukumbi ukavuta pumzi. Bi Mashavu akalisikia hilo, akapenda. "Nikajisemea masikini Siwatu, amekuwa mtu wa kufuga. Khanga niliitoa kupima njiwa wangapi wataenea."

"Na habari ya mchwa?"

"Kuwahurumia njiwa."

Watu wakacheka wakiwa wameinama, mabega yakitikisika. Fundi Ngwali alivitazama vidole vyake vyenye makovu. Hakimu akakohoa.

"Hukuona chochote cha kutamani?"

Hapo ndipo angenyamaza, na mambo yangekwisha. Lakini Bi Mashavu alikuwa amepanda juu ya maneno yake na hakutaka kushuka.

"Mheshimiwa, nisikudanganye. Nimetoka mbali, nikategemea kuona kitu. Nimezunguka nyumba yote ya mdogo wangu, mbele na nyuma. Hakuna. Naomba Mungu ampe na yeye siku moja apate cha kuonwa."

Hakimu akainua mkono atoe hukumu. "Kwa kuwa hakuna ukiri, dai la Fundi..."

"Muongo!"

Aliyesimama alikuwa Siwatu. Kilemba kilikuwa kimemteremka hadi sikioni.

"Muongo mkubwa! Banda la njiwa? Anaiota! Jana alasiri alilala pale sebuleni, akataja roshani usingizini, mara mbili, nimemsikia kwa masikio yangu! Ameshindwa kula pilau yangu! Unakumbuka, Mashavu, ulivyokuwa unanipitishia vikuku usoni? Umeviangaza hata kwenye maziko! Miaka tisa nimeweka akiba, nimejinyima nyama, nimemwambia fundi achonge kila nguzo msokoto wake, ili uje usimame hapo chini uumie. Na umeumia! Mwambie Hakimu umeumia!"

Karani aliandika mpaka wino ukamwishia.

"Bi Siwatu," alisema Hakimu kwa upole, "unathibitisha wewe, mwenye nyumba, kwamba umeonewa wivu mzito?"

"Mzito kuliko wote!"

"Sheria inasema mwenye nyumba akithibitisha mwenyewe, ushahidi mwingine hauhitajiki. Magunia tisa kwa Fundi Ngwali. Ama aondoke na roshani yake."

Siwatu aliketi. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya watu. Majirani walikuwa wameinua vichwa, wote kwa pamoja, na Bi Mashavu akaona kwamba watu wa Ngoani wana macho mazuri sana.

Kesho yake Fundi Ngwali aliing'oa roshani, nguzo kwa nguzo, bila kuvunja hata hereni moja. Ghorofani ukabaki mlango unaofunguka kwenye hewa. Siwatu alikaa pale kizingitini, miguu ikining'inia, akitazama mbao zikipangwa barabarani.

"Utaipeleka wapi?" Bi Mashavu alimuuliza fundi.

"Sijui, mama. Hapa hakuna atakayeinunua, watasema ameitamani. Nitaichoma mkaa nilipe deni la mbao."

"Mkaa!" Bi Mashavu akazigusa nguzo, moja baada ya nyingine. Msokoto wa kwanza, msokoto wa pili. Alitazama kushoto na kulia. Hakutazama juu, na hilo ndilo kosa lake.

"Shika," akasema, akivivua vikuku vya fedha. Vilikuwa havijatoka mkononi miaka thelathini na mbili, na vilitoka kwa mate na kwa maumivu. "Hivi vinalipa deni lako na magunia yako, na chenji ya watoto. Funga mbao zako, tunaondoka nazo."

Juu kwenye kizingiti kikasikika kicheko. Siwatu alikuwa ameishika fremu ya mlango kwa mikono miwili asije akaanguka kwa kucheka.

"Bwana Shekue!" alipiga kelele. "Bwana Shekue, andika! Amevua vikuku! Andika hilo ni jicho gani!"

Mpima Jicho aliinuka kwenye kigoda chake, jambo ambalo hakulifanya tangu aajiriwe. Akafikiri. Kisha akakifunga kitabu.

"Hilo," akasema, "hatuna kipimo chake."

Jinsi roshani ilivyosafiri ni habari ya wachukuzi, tuwaachie wao. Ilifika. Fundi wa Bi Mashavu aliikuta imelazwa uani, karibu na bafu lisilo na paa, akaizunguka mara mbili akikuna kichwa.

"Mama, roshani ni ya ghorofa. Hii nyumba ni ya chini."

"Naiona, sijapofuka."

"Sasa niiweke wapi?"

"Mbele. Barabarani kabisa."

"Na bafu je?"

"Bafu nani analiona?"

Ikawekwa. Ilisimama futi mbili kutoka ardhini, na kuku wakapata kivuli. Bi Mashavu alipandishiwa kiti, akaketi juu ya roshani kwa siku saba mfululizo, mkono mtupu juu ya nguzo, akiwahesabu wapita njia. Kisha akaagiza karatasi na kalamu, akaandika: "Mdogo wangu, njoo unione kabla sijafa. Nyumba nimeikarabati kidogo."

Jibu lilichukua mwezi. Lilikuwa la mstari mmoja, na wino wake ulikuwa umekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka:

"Mashallah. Ila mbao yenyewe, huko kwenu haitaliwa na mchwa?"

Bi Mashavu akaisoma barua hiyo mara tatu. Akaikunja, akaitia kifuani, akaegemea nguzo. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha ndani ya bafu lake. Hakuisikia. Na anayedhani nimesema uongo aende akaangalie mwenyewe. Roshani haina ngazi, unainua mguu tu.